Kufunga flasha ya taa kubwa bila kuua taa za gari

Wiki haipiti bila kupata ujumbe wa namna hii: "Fundi, nimenunua flasha. Nataka nikibonyeza, taa za mbele zipepese. Waya naunga wapi?" Wengine ni madereva wa Hiace za Igoma na Buhongwa hapa Mwanza, wengine wana Probox za kukimbiza samaki kutoka soko la Mwaloni, na mara mojamoja ni dereva wa gari la wagonjwa. Nimechoka kujibu vipandevipande kwa sauti za simu huku mikono imejaa grisi, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Kabla ya waya wowote, shika jambo moja. Flasha ikifa, taa za gari lazima zibaki. Hili nimejifunza kwa aibu. Nikiwa fundi mchanga nilikata waya mkuu wa taa za Hiace moja, nikaipitisha flasha ya indiketa katikati, tukaijaribu gereji, ikapepesa vizuri, nikalipwa. Siku chache baadaye gari lile lilikuwa linatoka Magu saa mbili usiku, limejaa abiria na magunia ya dagaa. Karibu na Kisesa flasha ikaungua ndani, taa zote mbili zikazimika kwa mpigo. Dereva alisimama kwa kufuata mstari mweupe na tochi ya simu ya kondakta, huku mama mmoja nyuma akilia "Mayu wane!" Hakuna aliyeumia, lakini kesho yake nilirudisha pesa, na sijawahi tena kukata waya mkuu wa taa kwa sababu ya flasha. Njia ninayokupa hapa haikati kitu: inaongeza njia ya pili ya umeme pembeni ya ile ya kiwandani.

Je, unaihitaji kweli?

Kaa kwenye usukani, taa zikiwa zimezimwa, ufunguo ukiwa ON. Vuta kijiti cha taa kuelekea kwako na kukiachia. Kwa magari mengi ya Japani tunayotumia hapa kijiti hicho kiko mkono wa kulia. Fulu, yaani taa kubwa, imewaka na kuzimika? Basi gari lako lina flasha ya mkono tangu kiwandani. Watu wengi nimewaonyesha hili wakaondoka na pesa yao mfukoni. Kama zamani ilifanya kazi na sasa haifanyi, tatizo ni swichi au waya. Tengeneza hiyo kwanza. Pikipiki nyingi nazo zina kitufe kilichoandikwa PASS upande wa mkono wa kushoto, pale kidole cha shahada kinapofika.

Flasha ninayoizungumzia ni ile ambayo ukishikilia kitufe, fulu inawaka na kuzima yenyewe, na ukiachia inakoma. Kitufe cha kushikilia tu. Usifunge swichi ya kuwasha na kuacha, maana siku moja utaisahau usiku barabara ya Usagara na kumpofusha mwenye lori anayekuja mbele yako.

Na sheria? Vimulimuli na ving'ora ni vya magari ya dharura: polisi, zimamoto, ambulensi. Taa nyekundu au za buluu mbele ya gari binafsi usithubutu, na flasha ya kupepesa mfululizo barabarani itakufikisha kwa trafiki haraka kuliko itakavyokufikisha nyumbani. Kama gari ni la dharura na lina kibali, sawa. Kama ni la kwako la kawaida, chukua kitufe cha kubonyeza mara moja au mbili tu, badala ya kuacha taa zikicheza kama za harusi.

Kumbuka pia kwamba kumpigia mtu fulu hakuna maana moja kwetu. Anayekuja mbele akikupigia anaweza kuwa anasema trafiki wako mbele, au "nakuja, usitoke", au "pita wewe kwanza". Nimeona bajaji imeingia barabarani pale Buzuruga kwa kudhani imeruhusiwa, kumbe mwenye basi alikuwa anamaanisha kinyume chake. Piga fulu ya kuonya, halafu bado weka mguu karibu na breki.

Magari ambayo mwongozo huu hauyahusu

Kama taa zako ni za xenon, acha. Zile hazina waya wa ndani unaowaka. Kila zinapowashwa, kisanduku chake hupiga umeme wa maelfu ya volti ili gesi ishike. Ukizipepesa, unakiua kisanduku na balbu pamoja.

Malori ya volti 24, kama Fuso nyingi, yanataka vifaa vya volti 24. Usichukue relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 12 ukaiweka humo.

Magari mapya ambayo taa zinaongozwa na kompyuta yatakuletea taa za onyo kwenye dashibodi ukigusa waya wa taa. Pikipiki nitaisema mwishoni.

Mwongozo huu ni wa gari la volti 12 lenye balbu za halojeni za H4, zile zenye miguu mitatu, wati 60 fulu na wati 55 dimu. Hilux za zamani, Noah, Hiace, Land Cruiser za kijijini, nyingi ziko hapa.

Vifaa

- Relei 1 ya volti 12, ampia 30, ya miguu 4, pamoja na soketi yake. Miguu imeandikwa 30, 85, 86 na 87.
- Flasha ya kielektroniki ya miguu 3, iliyoandikwa B, L na E. Hii ni ile inayouzwa kwa ajili ya indiketa za LED. Ile ya miguu 2 ya zamani iache dukani.
- Kitufe cha kubonyeza kinachorudi chenyewe, na kisiingie maji.
- Fyuzi ya ampia 15 na nyumba yake yenye mfuniko, pamoja na fyuzi ya ampia 3 na nyumba yake.
- Waya laini wa gari wa milimita za mraba 2.5, mita 4 au 5. Waya mwembamba wa 0.75 au 1 kwa ajili ya kitufe.
- Diodi 1N4007, moja.
- Teminali za pete na za kuchomeka, mpira wa kusinyaa kwa joto, bomba la plastiki la waya, zipu tai, na mpira wa tundu.
- Testa ya balbu. Si ya LED. Ile ya LED inawaka hata kwa umeme mdogo wa kuvuja, itakudanganya.
- Spana namba 10, plaizi ya kubana teminali, koleo, bisibisi.

Kwa nini si flasha ya indiketa ya miguu 2, wakati iko kila duka la spea na bei yake ni ndogo? Ile imetengenezwa kubeba balbu mbili za wati 21 na ile ndogo ya ubavuni. Taa mbili za fulu ni wati 120, yaani ampia 10 na zaidi kidogo injini ikiwa inachaji. Ndiyo iliyoungua kule Kisesa. Katika mpango wetu flasha haibebi taa hata kidogo: inaiambia relei tu iwashe na kuzima, kazi ya chini ya robo ampia. Mzigo wote unabebwa na relei.

Wapo watakaokuuliza, "Fundi, si nitumie waya wa nyumba, ninao baki?" Hapana. Ule ni mgumu, ndani una uzi mmoja. Ukipanda barabara za mawe za milimani kwetu kila siku, mtetemo utaukata ndani ya plastiki yake na nje utaonekana mzima. Utatafuta hitilafu wiki nzima.

Kwanza ujue gari lako linazima wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapounguza fyuzi, nami naomba usiruke. Kuna gari ambalo swichi ya taa inakata upande wa moto, yaani chanya. Balbu imefungwa kwenye hasi muda wote, na ukiwasha fulu unapeleka moto. Na kuna gari ambalo swichi inakata upande wa hasi: ukiwasha taa, moto unafika kwenye mguu mmoja wa balbu na kukaa pale, na swichi inachagua ni waya upi kati ya dimu na fulu utakaogusa bodi, yaani hasi. Toyota nyingi za zamani ziko hivi. Ukilipelekea gari la namna ya pili moto kwenye waya wa fulu, huku fulu imewashwa, umeunganisha chanya na bodi moja kwa moja.

Pima hivi. Chomoa soketi za balbu zote mbili, kushoto na kulia. Zote mbili, tafadhali, kwa sababu ukiacha moja, umeme utapita kwenye balbu iliyobaki na kukuletea jibu la uongo. Funga klipu ya testa kwenye hasi ya betri. Washa taa, dimu. Gusa matundu matatu ya soketi moja, uone ni lipi linawasha testa. Sasa weka fulu, gusa tena.

Mwanga ukihama, kwamba kwenye dimu uliwaka tundu moja na kwenye fulu ukawaka lingine, gari linakata chanya. Tundu lililowaka kwenye fulu ndilo la fulu. Mwanga ukibaki tundu lilelile kwenye dimu na kwenye fulu, gari linakata hasi, na tundu hilo ni la pamoja. Ili kupata la fulu, hamisha klipu ya testa iwe kwenye chanya ya betri: ukiwa kwenye fulu, tundu litakalowasha testa ndilo. Andika rangi ya waya huo kwenye karatasi. Usiamini kumbukumbu yako, na usiamini kwamba rangi za Noah ya jirani ni sawa na za kwako.

Kazi yenyewe

1. Zima injini, chomoa ufunguo, fungua boneti. Legeza kichwa cha hasi cha betri kwanza, kiweke pembeni kisirudi chenyewe. Ukianza na chanya na spana yako ikagusa bodi, utaona cheche kubwa pale pale penye gesi ya betri. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kuingiza mikono kwenye dashibodi, na usiguse kabisa waya au soketi za rangi ya njano chini ya usukani.

2. Tafuta mahali pa relei. Iwe karibu na betri, mbali na manifoldi ya moshi, na isimame miguu ikiangalia chini ili maji yatiririke. Gari linalobeba samaki na barafu, au kayabo (samaki wa chumvi), chumvi yake inapanda mpaka kwenye injini. Nimefungua soketi za relei za magari hayo nikakuta shaba imegeuka kijani kama mwani.

3. Toa waya mnene kutoka chanya ya betri, na umbali usiozidi sentimita 20 weka nyumba ya fyuzi ya ampia 15. Usiweke fyuzi yenyewe bado. Endelea na waya hadi mguu wa 30 wa relei. Hii ni kwa gari linalokata chanya. Fyuzi ikae mahali unapoweza kuifikia gizani bila spana. Sababu utaiona hatua ya 10.

4. Gari linalokata hasi lina njia tofauti hapa. Usilete waya wa betri. Mguu wa 30 upeleke kwenye hasi, bora moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi cha betri badala ya boliti yenye kutu. Umeme wa taa utatoka kwenye fyuzi ya gari yenyewe, na flasha itafanya kazi taa zikiwa zimewashwa. Kama unaitaka ifanye kazi mchana taa zikiwa zimezimwa, na waya wa pamoja hauna moto wakati huo, hapo mwite fundi akae na gari lako. Usijaribu kubuni.

5. Mguu wa 87 upeleke kwenye waya wa fulu uliouandika kwenye karatasi. Kwa magari mengi waya wa fulu wa kushoto na wa kulia umeunganika mahali fulani, kwa hiyo kuunga upande mmoja kunatosha. Menya plastiki kidogo bila kukata shaba, zungushia waya wako, choma risasi, funika kwa mpira wa kusinyaa. Solutepu peke yake haifai mbele ya injini. Joto la mchana wa Mwanza pamoja na la rejeta litaiyeyusha gundi, na mwezi hautaisha kabla haijabanduka.

6. Mguu wa 85 uende hasi. Kati ya 86 na 85 weka ile diodi, mstari wake mweupe ukielekea 86. Relei kila inapozima hurudisha pigo la umeme kinyumenyume. Diodi hulinyonya lisiifikie flasha. Ukigeuza diodi, flasha inaweza kufa siku ya kwanza.

7. Flasha: E iende hasi, L iende mguu wa 86 wa relei, B iende kwenye kitufe. Ukibadilisha B na L itakuwa kimya tu, rekebisha uendelee.

8. Kutoka upande wa pili wa kitufe peleka waya mwembamba mpaka kwenye moto unaopatikana ufunguo ukiwa ON tu, ndani ya kisanduku cha fyuzi, na katikati weka fyuzi ya ampia 3. Hii inazuia mtoto kucheza na kitufe gari likiwa limeegeshwa mpaka betri ilale.

9. Waya wa kuingia kabini upitishe kwenye tundu lenye mpira kati ya injini na dashibodi. Mara nyingi lipo moja la kiwandani. Ukitoboa jipya, weka mpira wake siku hiyohiyo, maana bati litakata plastiki ya waya polepole mpaka ligusane na shaba, na wakati huo utakuwa umesahau kabisa kwamba uliwahi kufunga kitu. Funga waya kila sentimita 20 au 30 kwa zipu tai, mbali na pedali na mhimili wa usukani. Ukimaliza geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, kanyaga pedali zote, uangalie kama kuna waya unaovutwa.

10. Rudisha kichwa cha hasi. Weka fyuzi ya ampia 3 peke yake kwanza, washa ufunguo, bonyeza kitufe. Relei igonge "tak, tak, tak". Sasa weka fyuzi ya ampia 15 (kama gari lako linakata hasi, washa taa), bonyeza tena. Fulu ipepese. Achia. Izime mara moja. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi: washa dimu, chomoa relei yote kwenye soketi yake, angalia kama dimu na fulu zinafanya kazi kama kawaida. Zikifanya, umefaulu. Siku relei ikigandia ndani na fulu ikakataa kuzima, utachomoa fyuzi au relei hiyo na kuendelea na safari yako na taa za kiwandani.

Kasi na muda

Indiketa hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na flasha ya miguu 3 iko humo humo. Usitafute ya haraka zaidi. Mwanga unaopiga zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na dereva wa mbele kwa kasi hiyo hajui gari liko umbali gani.

Usishikilie kitufe zaidi ya sekunde tatu nne ukiwa umewasha dimu. H4 ni balbu moja yenye nyuzi mbili; ukiziwasha zote kwa pamoja una wati 115 ndani ya kioo kidogo. Kwa kitambo kifupi haina neno. Kwa muda mrefu inachoka, na kwenye gari linalokata hasi fyuzi ya ampia 10 ya upande mmoja itakuwa imefika ukingoni.

Wenye ambulensi nawaambia wazi kwamba mpango huu wa relei si wenu. Relei nyingi za kawaida zinahesabiwa kuhimili kuwasha na kuzima mara 100,000 hivi zikiwa na mzigo. Kwa mapigo 2 kila sekunde, hiyo ni saa 14 tu. Dereva anayepiga fulu za sekunde mbili mbili atakaa nayo miaka. Gari la wagonjwa linalotoka Sengerema kuja hospitali ya Bugando litaimaliza kwa safari chache, hata sasa ambapo daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na hakuna tena kukaa foleni ya kivuko. Nunueni flasha isiyo na relei ndani, ya kielektroniki yenyewe, yenye uwezo wa ampia 20 kwa kila upande, inayopokezana kushoto na kulia. Na iwe na waya wa kuizima yenyewe fulu ya kawaida ikiwashwa.

Makosa ninayoyakuta gereji

La kwanza ni fyuzi kuwekwa ndani ya kabini, mita mbili kutoka betri. Fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu. Zile mita mbili za nyuma, zikichubuka, hazina mlinzi, na waya utawaka mpaka betri iishe au gari liishe.

La pili, mtu fyuzi inakatika, anaweka ya 30, inakatika, anafunga karatasi ya sigara. Fyuzi inayokatika inakwambia kitu. Msikilize mjumbe, usimnyonge.

La tatu ni kuunga hasi kwenye boliti yoyote iliyo karibu, juu ya rangi na kutu. Kwangua mpaka bati ling'ae, kaza, paka grisi kidogo juu. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Dar, lakini mvuke wake wa asubuhi unaingia kila kona.

La nne halina umeme ndani yake. Mtu analalamika taa ni hafifu, anataka flasha ili aonekane, kumbe vioo vya taa vimekuwa vya njano na vimejaa wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Osha kioo kwanza.

Ikigoma

Ukibonyeza, kimya kabisa. Angalia fyuzi ya ampia 3, kisha pima kwa testa kama moto unafika kwenye B ya flasha kitufe kikiwa kimebonyezwa. Ukifika na relei haigongi, hasi ya E au ya 85 haijashika, au umegeuza B na L. Ili kuipima relei peke yake, ondoa waya wa L kwenye 86 na uguse 86 kwa moto. Ikigonga, ni nzima, mwenye kosa ni flasha.

Relei inagonga lakini taa haziwaki. Kwa gari linalokata chanya, pima mguu wa 30. Hakuna moto? Fyuzi ya 15 au nyumba yake. Moto upo, na 87 haina kitu wakati inagonga? Relei imeungua ndani. Yote yapo, basi kiungo chako kwenye waya wa fulu hakijashika. Kwa gari linalokata hasi, kumbuka kwanza kuwasha taa.

Taa zinawaka bila kupepesa. Flasha ya miguu 2 imeingia kwa makosa, au ya miguu 3 imekufa ikiwa imefunga. Ibadilishe.

Upande mmoja tu ndio unaowaka. Gari lako lina fyuzi tofauti ya fulu kwa kila taa na nyaya hazijaungana. Usiziunganishe kwa nguvu, utakuwa umezifanya fyuzi mbili kuwa moja kubwa. Ongeza relei ya pili yenye fyuzi yake, 85 na 86 zake ziungane na za kwanza.

Fyuzi ya 15 inakatika papo hapo ukibonyeza huku fulu imewashwa, lakini haikatiki taa zikiwa zimezimwa. Gari lako linakata hasi na wewe umelifunga kama la chanya. Rudi kwenye kipimo cha soketi.

Redio inakoroma kwa mapigo yaleyale. Diodi umeisahau, au waya wa flasha umelala pamoja na waya wa antena. Utenganishe.

Pikipiki

Washa taa ya pikipiki injini ikiwa silensa (inanguruma polepole bila kuongezwa mafuta), kisha ongeza mafuta. Kama mwanga unapanda na kushuka pamoja na mlio, taa hiyo inakula umeme wa AC moja kwa moja kutoka kwenye sumaku, haitoki kwenye betri. Ukileta moto wa betri kwenye waya ule, unachanganya mifumo miwili, na kinachoungua kwanza mara nyingi ni rektifaya. Kama mwanga hautikisiki, taa ni ya betri, na unaweza kufuata hatua hizi kwa fyuzi ya ampia 7.5, kwa kuwa balbu ni moja na ndogo. Weka kitufe upande wa kushoto, si kulia kwenye mkono wa mafuta, na kifunike kwa mpira. Msimu wa mvua ukianza, pikipiki za Kirumba zinakuja kwangu flasha zikipepesa zenyewe bila mtu kugusa kitu: ni maji ndani ya kitufe, na dawa yake ni kukifungua, kukikausha, na kutoboa kitundu kidogo upande wa chini ili yanayoingia yapate pa kutokea.